Tuachieni Mstari wa Pembeni

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Mji wa Tarime,
na kwa Uongozi wa Chuo cha Ualimu Tarime.

YAH: UWANJA WA CHUO, KABLA HAUJACHORWA UPYA



Naandika mapema kwa makusudi. Sijaona mchoro wowote mezani kwenu wala tangazo la zabuni, na hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu sasa. Tunajuana. Mchoro ukishagongwa muhuri, mwananchi huitwa kwenye mkutano wa hadhara kuelezwa, tena huelezwa akiwa amesimama juani. Mkazi wa Nkende mwenye la kusema kuhusu uwanja wa chuo aliseme karatasi ikiwa bado nyeupe.

Na msimu wa michoro umefika. Tangu Septemba 2023, CAF ilipowapa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa AFCON ya 2027, nchi nzima imeshikwa na homa ya viwanja. Arusha wamepata mradi wa uwanja mpya. Zanzibar waliufumua Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, wakaufungua tena Desemba 2023 ukiwa na sura nyingine kabisa. Sasa kila halmashauri inayojiheshimu inaota "uwanja wa kisasa", na picha za ndoto hiyo zinafanana: viti vya plastiki vya rangi ya bendera, ukuta mrefu, fremu za maduka upande wa barabarani, na jukwaa la wageni rasmi lenye paa na makochi. Homa hiyo haitaishia Arusha. Siku itakapopanda hadi huku kwetu mpakani, macho yatatua kwenye uwanja wa chuo, kwa kuwa ni ardhi ya umma, ipo mjini, na hakuna wa kulipwa fidia.

Ombi langu ni fupi, ila maelezo yake ni marefu. Tujengeeni kila kitakachomfanya mtu afike uwanjani salama, akae kwa heshima na arudi nyumbani mzima. Msijenge chochote kitakachomwondoa kwenye mstari.

Nianze na mwenye uwanja. Uwanja wa chuo cha ualimu ni chumba cha darasa kisicho na paa. Kijana anayesomea ualimu hapa, siku akipangiwa shule ya Nyamwaga au Gorong'a, atakabidhiwa chaki, mahudhurio na kipenga, hata kama michezo hakuisomea sana. Yeye ndiye atakayechagua watoto wa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, au wa UMISSETA akiwa sekondari. Yeye ndiye atakayepima uwanja kwa hatua za miguu na kuchora mistari kwa majivu. Vyuo vya ualimu vina hata mashindano yao wenyewe, UMISAVUTA, na aliyepitia huko anajua kwamba mwalimu wa michezo anatengenezwa kwenye nyasi. Uwanja ukigeuzwa kitega uchumi chenye kufuli, ambacho mwanachuo anaingia kwa barua ya maombi yenye nakala tatu, tutakuwa tumeuza darasa ili tupate jukwaa. Mkuu wa Chuo, hili nalielekeza kwako zaidi kuliko kwa madiwani. Kwenye mkataba wowote utakaowekewa mbele, tafuta kwanza kifungu kinachosema wanafunzi wataingia lini na kwa ruhusa ya nani.

Sasa twende kwenye starehe na raha, maana hapo ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo.

Chukueni kibanda umiza chochote hapa mjini, kile cha kutazamia mpira kwenye televisheni kwa kiingilio. Mnavijua, na baadhi yenu mmo humo kila Jumamosi, msikatae. Kuta za mabati, benchi za mbao zisizo na mgongo, feni moja inayozungusha joto lilelile, na kijana mlangoni anayekusanya hela bila kujali kama nafasi ipo. Mtu ana televisheni nyumbani, king'amuzi kimelipiwa, kochi lipo, mke kapika. Siku ya Simba na Yanga anayaacha yote anakwenda kubanwa mbavu. Ukimuuliza anafuata nini, hatakwambia anapenda benchi. Atakwambia nyumbani mpira "haunogi". Goli likifungwa nyumbani anashangaa peke yake. Likifungwa kibandani anajikuta kamkumbatia mtu asiyemjua jina, na aliyekaa mbele yake amemwagikiwa soda na wala hajali.

Wapo wanaochukua ushahidi huo wakafanya hitimisho la ajabu, kwamba mateso ndiyo yanayoleta raha. Nawasikia hata hapa Tarime: waacheni watu walivyozoea, mpira wa kweli ni vumbi na jua, viti ni vya wazungu. Sikubaliani nao, na ningependa barua hii isitumiwe na yeyote kama kisingizio cha kutofanya kitu. Hakuna mtu aliyewahi kushangilia kwa nguvu zaidi kwa sababu hakuna choo. Hamasa ya uwanja inatokana na mambo mawili. La kwanza ni kubanana, yaani watu wengi mahali padogo, wakionana nyuso. La pili ni kuwa karibu na mchezo kiasi kwamba sauti yako inafika. Ukisimama kwenye mstari wa pembeni wa uwanja mdogo, beki wa kulia anasikia jina lake likiitwa. Mshika kibendera naye anasikia, na anayoyasikia yeye ni mengi zaidi ya jina. Kocha akimwambia winga "rudi!", wewe pia unasikia, na unapata nafasi ya kumpinga kocha papo hapo. Hiyo ndiyo mali ya uwanja wa namna hii. Viwanja vikubwa vya duniani vinaitafuta kwa mabilioni na mara nyingi haviipati.

Wala sisemi uwanja mkubwa wa viti hauwezi kuwa na moto. Ule wa Benjamin Mkapa uliofunguliwa mwaka 2007, wenye viti 60,000 na njia ya kukimbilia inayowatenga watazamaji na nyasi, umewahi kuwatetemesha vigogo. Simba ya msimu wa 2018/19 iliwafunga hapo JS Saoura, Al Ahly na AS Vita, ikaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Msemo wa "kwa Mkapa hatoki mtu" haukutungwa na ofisi ya matangazo peke yake, wageni waliuonja. Lakini angalieni kilichohitajika: watu 60,000. Ujaze nusu tu, na ile njia ya kukimbilia inameza kelele zote. Sisi mechi ya kawaida ya chuo haitavuta umati huo hata tukiongeza kila mtu wa Sirari na nusu ya Isebania ng'ambo ya mpaka. Uwanja mdogo unaopata watu mia chache unawaka watu hao wakiwa wamesogea mstarini. Watawanye kwenye jukwaa la viti 5,000 lililo mbali na nyasi, watakuwa kama punje za mahindi zilizomwagika uwanjani baada ya kuanikwa.

Viti pia vina gharama ambayo haiandikwi kwenye zabuni. Tarehe 1 Oktoba 2016, Simba na Yanga walipotoka sare ya 1-1, mashabiki wenye hasira waling'oa viti zaidi ya 1,700 pale pale kwa Mkapa, wakati huo ukiitwa Taifa. Serikali kuu ilikuwa na mfuko wa kuvirudisha na mabavu ya kuzifungia klabu zote mbili zisiutumie uwanja ule. Halmashauri ya mji itavirudisha kwa fungu gani? Tumeona viwanja vya mikoani ambako kiti kikivunjika kinabaki chuma chake tu kimechomoza, kinasubiri suruali ya mtu.

Halafu lipo jambo la Mei 2025, ambalo kila diwani anayefikiria uwanja angepaswa kulibandika ukutani. Simba walikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Walishafungwa 2-0 ugenini na walihitaji kila koo la nchi hii kwenye mechi ya marudiano. Mechi hiyo haikuchezwa kwa Mkapa. CAF iliihamishia Amaan, Zanzibar, kwa sababu eneo la kuchezea la Mkapa halikuwa katika hali nzuri baada ya mvua. Viti 60,000 vilikuwepo, majukwaa yalikuwepo, paa lilikuwepo. Kilichokosekana ni nyasi zinazoweza kunywa maji. Simba wakatoka 1-1 mbele ya umati mdogo zaidi, na kombe likaenda Berkane. Siwezi kudai watu wengi zaidi wangeleta goli mbili. Nasema tu kwamba nchi ilikosa kuichezea fainali hiyo kwenye uwanja wake mkubwa kwa sababu ya udongo.

Huku kwetu mvua tunaijua. Mawingu ya Ziwa Victoria hayasubiri dakika tisini ziishe. Saa tisa jua kali, saa kumi na nusu golikipa amesimama kwenye dimbwi. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya mradi wowote iende chini ya nyasi: kusawazisha, mitaro, udongo wa mchanga unaopitisha maji, nyasi zinazostahimili kukanyagwa. Ni kazi isiyopendeza kwenye picha ya uzinduzi, kwa kuwa utepe haukatwi juu ya mtaro. Lakini mchezaji akiweza kupiga pasi ya chini ikafika, mtazamaji anapata mpira wa kutazama, na hiyo nayo ni starehe, kubwa kuliko kochi.

Shilingi ya pili iende chooni. Hapa sitaomba radhi kwa kusema wazi. Angalieni mstari wa watazamaji kwenye viwanja vyetu vingi vya zamani, hesabuni wanawake, kisha jiulizeni. Dada zetu wanaufahamu mpira. Netiboli na soka la wanawake vinachezwa mashuleni, na timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, inafuatiliwa hadi vijijini. Lakini mama hawezi kukaa saa mbili na nusu mahali ambapo haja ndogo ni fumbo la kutafuta kichaka. Mwenye mtoto mgongoni hawezi. Mzee mwenye kisukari hawezi. Mwenye kiti cha magurudumu hafiki hata getini kwa sababu ya mawe. Tunaposifia raha ya uwanja wa zamani, mara nyingi tunasifia raha ya wanaume wenye miguu mizima na vibofu vyenye subira. Vyoo vya kutosha, vya wanawake na wanaume, vyenye maji na mlango unaofungika. Bomba la maji ya kunywa. Njia ya sakafu ngumu kutoka barabarani hadi mstarini, na sehemu ya mstarini iliyotengwa kwa viti vya magurudumu, mbele kabisa, ili wasitazame migongo ya watu. Hivyo havipunguzi kelele hata kidogo. Vinaongeza midomo.

Sasa ukuta. Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa utulivu, maana najua uzio ndio kitu cha kwanza kila mfadhili anachokitaja, na najua kiingilio hakikusanyiki bila uzio.

Uingereza walijifunza kwa machozi. Tarehe 15 Aprili 1989, kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool waliachiwa kumiminika kwenye vizimba vya nyuma ya goli vilivyokwisha kujaa, na mbele yao kulikuwa na uzio wa chuma. Waliokufa kutokana na siku ile ni 97. Ripoti ya Jaji Taylor ya mwaka 1990 ikapendekeza kila mtazamaji apewe kiti, na kufikia Agosti 1994 viwanja vya madaraja ya juu vilikuwa vya viti pekee. Viwanja vikawa salama. Tiketi pia zikapanda bei, vijana wa mitaani wakahamia baa, na mashabiki wakaanza kulalamika kwamba sasa unasikia hadi mtu akifungua pakiti ya karanga. Mwaka 2022 Uingereza ikaruhusu tena sehemu za kusimama kwenye viwanja hivyo vikubwa, safari hii kila safu ikiwa na chuma cha kushikilia. Iliwachukua karibu miaka thelathini kukubali kwamba kusimama hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa vizimba, uzio, na mamlaka zilizopoteza udhibiti wa milango.

Afrika nayo ina makaburi yake. Accra, 9 Mei 2001: polisi walirusha mabomu ya machozi jukwaani, watu wakakimbilia milango iliyofungwa, wakafa 126. Nairobi, Oktoba 2010: watu saba walikanyagwa Nyayo siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Na sisi wenyewe tunao msiba ambao haukuwa hata wa mpira. Tarehe 21 Machi 2021, watu walipokwenda Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais Magufuli, msongamano uliua watu 45. Uwanja ule ule wa zamani, Shamba la Bibi, ambao taifa lilizaliwa ndani yake mwaka 1961.

Viwanja vya aina ya uwanja wetu havibebi mpira tu. Hubeba kampeni, sherehe za kitaifa, mikutano ya injili na misiba mikubwa. Basi kama lazima mzungushe uzio wa nje, ufanyeni uwe na mageti mengi na mapana, yanayofunguka kuelekea nje, na mwenye funguo awe amesimama pale mpaka mtu wa mwisho atoke. Kati ya watu na nyasi, wekeni chuma kimoja kinachofika kiunoni. Mtu ataegemea hapo, na hatari ikija ataruka. Wavu wa nondo wa mita tatu unamgeuza mtazamaji kuwa mahabusu, na mahabusu hushangilia kama mahabusu.

Mtaniambia mbona nchi zilizoendelea, vyuo vyao vina viwanja vya kifahari. Vinavyo, na ni vizuri tukavitazama kwa makini kabla ya kuviiga. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kina uwanja uliofunguliwa mwaka 1927 unaochukua watu zaidi ya 107,000 kutazama mpira wao wa kushika mkononi. Wengi wa watu hao wanakaa kwenye mabenchi yasiyo na mgongo, kila mmoja na namba yake, nafasi isiyofika nusu mita. Novemba theluji ikianguka wanakaa hapo hapo, mawakili na madaktari waliosoma chuo hicho, bega kwa bega na wanafunzi. Wana hela za kununua viti laini vya uwanja mzima. Wameongeza vyumba vya vioo kwa matajiri, lakini mabenchi wameyaacha. Wengine wamechagua njia tofauti. Chuo Kikuu cha Northwestern, jirani na Chicago, mwaka 2024 kilibomoa uwanja wake wa mwaka 1926 uliokuwa na nafasi zaidi ya 47,000, ili kijenge mpya wa watu 35,000. Yaani wanalipa mamia ya mamilioni ya dola ili waingie watu wachache zaidi, waliokaa vizuri zaidi. Huo ni uamuzi wa biashara na una mantiki yake kwao, wenye haki za televisheni. Sisi hatuna televisheni inayotulipa. Tuna watu.

Diwani mwenye kumbukumbu atanirudisha Musoma. Biashara United Mara, timu ya mkoa wetu ya huko Musoma, Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 katika mashindano ya CAF. Mechi ya nyumbani ya timu ya Mara ilichezwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani, na watu wa Mara wakaitazama kwenye skrini. Baadaye timu ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa marudiano, ikatolewa, na mwisho wa msimu ule ikashuka daraja. Ni kweli mkoa wetu unahitaji uwanja mmoja unaokidhi vigezo vya CAF, wenye taa, viti, vyumba vya waandishi na kila kinachotakiwa. Ujengwe, na mimi nitapanda basi kwenda kuuona. Lakini uwanja wa chuo Tarime haupaswi kubebeshwa mzigo huo. Kuuvalisha vigezo vya CAF nusunusu, viti bila nyasi, ukuta bila mageti, kutatupatia uwanja usiofaa kwa CAF wala kwa watoto wa chuo.

Kinachotufaa ni rahisi kiasi kwamba naogopa hakitapata mfadhili. Udongo utakaochimbwa kwenye mitaro usibebwe kwenda kutupwa. Umwagwe upande mmoja wa uwanja uwe tuta refu, lishindiliwe, lipandwe nyasi na kukatwa ngazi pana za mawe. Mtu mfupi ataona, mtoto ataona, na atakayechoka atakaa. Nyuma ya tuta pandeni miti ya kivuli sasa, maana mti hausubiri bajeti ya mwaka ujao ili ukue. Paa moja dogo lijengwe, si kwa ajili ya wageni, kwa ajili ya wazee na kina mama wenye watoto, na mvua ikija wachezaji wa akiba wajibanze humo pia. Mama wa maandazi na kijana wa miwa wapewe sehemu yao ndani ya uzio badala ya kufukuzwa na mgambo, kwa kuwa bila karanga na miwa mpira wa jioni hauna ladha. Mstari wa pembeni, pande zote nne, ubaki wa wote. Pale ndipo Mkurya wa Nkende anaposimama na Mjaluo wa Rorya na Mkenya aliyevuka asubuhi kuuza mitumba, na ambapo watu wa koo ambazo zimewahi kushikiana mishale wanabishana kuhusu kuotea. Msiwagawe kwa bei ya tiketi.

Na kuhusu jukwaa la wageni rasmi, najua mtalijenga hata nikisema nini, kwa hiyo nina ombi moja la mahali. Mechi zetu huanza saa kumi jioni. Desturi ya wachoraji ni kuwaweka wakubwa upande wa magharibi, jua likiwa mgongoni mwao, na wananchi ng'ambo wakikunja nyuso kipindi chote cha pili. Safari hii tuta la wananchi liwe magharibi. Jukwaa lenu, waheshimiwa, lijengwe mashariki, na kofia tutawachangia.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mkazi wa Kata ya Nkende, Tarime.